Bi. Modesta Robi na Chumba Kilichobaki Maktaba

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Modesta Robi, Mkutubi wa shule yetu hapa Nyarero, anahitimisha utumishi wa umma wa miaka thelathini na mmoja na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Kati ya miaka hiyo, ishirini na miwili ameitumikia ndani ya chumba kimoja, chenye madirisha manne na mlango unaofunguliwa saa moja na nusu asubuhi bila kukosa.

Aliajiriwa Julai 1994 akiwa karani wa masjala katika shule moja ya wilaya ya Serengeti. Huko ndiko alikogundua kwamba anapenda zaidi majalada yanayosomwa kuliko yanayofungiwa kabatini, akaomba mafunzo ya ukutubi, akayapata, na mwaka 2003 akahamishiwa shuleni kwetu hapa Tarime. Alikuta vitabu mia tisa vikiwa sakafuni. Leo anakabidhi vitabu elfu tatu mia moja na kumi na vinne, vyote vikiwa na namba mgongoni.

Naomba ieleweke kwamba Bi. Modesta ni mtu wa utaratibu. Kila aingiaye maktaba hunawa mikono, kisha husaini daftari la wasomaji. Hakuna aliyewahi kusamehewa, akiwemo Mkuu wa Shule. Kitabu kimoja cha kemia kilichokwenda kijijini Genkuru ndani ya sanduku la bibi harusi alikifuata mwenyewe baada ya miaka tisa, akala pilau ya ubatizo wa mtoto wa tatu, na akarudi nacho.

Jambo litakalokumbukwa kuliko yote lilianza Februari 2024. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walizidi vyumba vilivyopo, na Bodi ya Shule ikakusudia kuigeuza maktaba kuwa darasa. Mwenyekiti wa Bodi, Mzee Simioni Nchagwa, alilifunua daftari la wasomaji mbele ya kikao na kukuta majina kumi na moja kwa mwezi mzima wa Januari. Bi. Modesta hakulalamika. Aliomba apewe hadi kikao cha Julai, akakubaliwa.

Juma lile lile alimwendea Mwalimu Erasto wa somo la kompyuta, akamtaka amfundishe mitandao miwili. Wa kwanza ni ule wa jumbe fupi, ambamo mtu huandika mistari michache ikasomwa na yeyote anayemfuata. Bi. Modesta aliandika kila ujumbe kwanza kwa penseli kwenye kadi ya katalogi, akahesabu herufi kwa ncha ya kidole, ndipo akauingiza katika simu. Ujumbe wake wa kwanza ulisomeka: “Maktaba iko wazi. Nawa mikono.” Jibu lilifika kabla ya chai ya saa nne: “Shikamoo Madam! Ni Judith wa kidato cha nne 2009, sasa muuguzi. Mpaka leo nanawa.”

Mtandao wa pili ni wa alamisho. Humo mtu hukusanya anwani za kurasa nzuri za mtandaoni, akazibandika lebo, ili wengine wazitafute na kuzifungua. Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kurasa hizo zingesomwa kwenye kompyuta tatu za maktaba, na hivyo wasomaji wangerudi. Kwa miezi miwili alikusanya kurasa mia mbili na kumi na mbili, akazibandika lebo kama alivyozoea kuvibandika vitabu, yaani kwa namba tupu. Mwalimu Erasto alimtahadharisha: “Mama, nani atatafuta mia sita thelathini na sita akitaka habari za mifugo?” Alijibiwa kwamba namba haijawahi kumpoteza mtu.

Mwezi Aprili, Mzee Simioni alifika maktaba mwenyewe. Ndama wake watatu walikuwa wamevimba matezi, na binti yake alikuwa amesoma katika jumbe za Bi. Modesta kwamba maktaba ina ukurasa kuhusu ndigana, ugonjwa wa ng'ombe uletwao na kupe. Alinawa, akasaini, akaketi kando ya Mwalimu Erasto. Waliandika “ndigana”. Hakikutokea kitu. Waliandika “ng'ombe”. Hakikutokea kitu. Mzee alivua miwani. “Mura,” alimwambia Mwalimu Erasto, kama wazee wa huku wanavyomwita kijana, “nilisema hapa hapana wasomaji. Kumbe hapana hata cha kusoma.”

Bi. Modesta alisogea, akaandika namba, na ukurasa ukafunguka. Mzee aliusoma hadi mwisho, akaondoka kwenda kwa afisa mifugo, na ndama wawili wakapona. Lakini Bi. Modesta alibaki amesimama. Baadaye alituambia kwa maneno yake: “Nimejenga mlango, ufunguo nikaumeza mimi.”

Jumamosi mbili zilizofuata aliwaita wanafunzi, akawafungulia kurasa moja baada ya nyingine, akawauliza wao wangeziitaje. Hapo ndipo zilipozaliwa lebo kama “ndama kavimba”, “mvua imechelewa”, na ile iliyofunguliwa kuliko zote hadi leo, “hesabu ngumu”. Namba hakuzifuta. Alizipeleka mwisho wa mstari, akisema nazo ni watumishi.

Kikao cha Julai kilipoketi, mwezi Juni pekee ulikuwa na saini mia nne na sita. Mzee Simioni alisoma ukurasa kwa ukurasa, akakuta jina lake mara nne, kwani alikuwa ameendelea kuja. Alilifunga daftari na kusema, “Siwezi kufunga chumba ninachokisaini.” Kidato cha kwanza walipewa ofisi ya walimu, nasi walimu na watumishi tukahamishiwa maktaba, ambako tangu siku hiyo, kwa amri ya Bi. Modesta, tunakunywa chai yetu nje, mvua iwepo isiwepo.

Bado ilibaki hofu kwamba maktaba ingeondoka na mwenyewe, maana akaunti zote mbili zilikuwa kwa namba yake ya simu. Mwezi uliopita alizihamishia kwenye namba ya shule, akaziingiza katika hati ya makabidhiano chini ya vitabu na kompyuta, na kumkabidhi Bi. Irine Waisiko, aliyeajiriwa rasmi kushika nafasi yake. Bodi nayo imeandika katika muhtasari wake kwamba chumba hicho ni maktaba, awepo nani asiwepo nani.

Kwa niaba ya watumishi wote, tunakushukuru, Bi. Modesta. Nenda salama nyumbani kwako Nkende. Tunakutakia afya njema, usingizi mtulivu, na miaka mingi ya kusoma kitabu hadi ukurasa wa mwisho pasipo mtu kukugongea meza akiuliza kingine kiko wapi.

Wiliam Gati
Karani wa Masjala