Doreen Pelkey, Miaka Ishirini na Sita ya Kupima Bila Kupendelea

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Doreen Pelkey anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kukagua mashamba na misitu ya watu hapa kaskazini mwa Vermont.

Wenye ardhi hao wamesaini mkataba wa hifadhi na shirika letu: ardhi ni yao, wanaweza kuiuza au kuirithisha, ila pale palipokatazwa hapajengwi wala hapakatwi mti, milele. Kila mwaka Doreen husimama kwenye vigingi vilevile, hupiga picha zilezile, kisha hulinganisha. Akitia shaka, hupima na kuandika "huenda mkataba umevunjwa." Kuhukumu huwaachia wengine.

Mwaka wake wa kwanza alikagua msitu mmoja theluji ikiwa imeshaanguka, akaandika: "Hakuna mabadiliko." Theluji ikayeyuka, vikachomoza visiki arobaini! Tulimcheka hadi basi. Tangu hapo, theluji ikigusa ardhi tu, Doreen hakagui kitu.

Miaka tisa iliyopita niliugua, akashika zamu yangu kwenye shamba la mdogo wake, Wendell. Baba yao ndiye aliyesaini mkataba wa shamba hilo. Akakuta kibanda kipya cha kuchemshia maji matamu ya miti hadi yawe shira, mita kumi na mbili tu kutoka kijitoni. Mkataba unataka thelathini.

"Aa, dada, funga hiyo kamera bwana, twende tukanywe kahawa," Wendell alimwambia.

"Kahawa nitakunywa. Nishikie kwanza mwisho wa huu utepe."

Na Wendell, kwa mazoea ya utotoni, akaushika!

Doreen alinikabidhi faili, barua nikaandika mimi. Wendell alikibomoa kibanda, akakijenga upya juu kilimani, akamnunia dada yake miaka minne. Krismasi nne Doreen alikula peke yake. Hakulalamika, lakini mimi iliniuma, maana sahihi kwenye barua ilikuwa yangu.

Mwaka wa tano Wendell akapiga simu ofisini: jirani mpya alikuwa amemwaga kifusi ng'ambo ya kijito, kwenye ardhi yenye mkataba kama wake.

"Mleteni Doreen," alisema. "Akipima yeye, nani atabisha?"

Doreen alikwenda. Alirudi jioni viatu vimejaa tope, na kwenye kiti cha mbele cha gari kulikuwa na sufuria ya maharage aliyopewa na wifi yake.

Doreen, ahsante sana. Kapumzike, afya iwe nawe, na Krismasi ukale kwa Wendell.