KATA Tatu za Mguu wa Mniko

MAROA: Haloo, Posta Migori. Ni nani?

ZILPAH: Zilpah, wa Posta Homa Bay. Habari ya asubuhi, Bwana Maroa?

MAROA: Mzuri, Bibi Zilpah. Watoto—

ZILPAH: Wazima. Ile barua ya daktari wetu, niliyotuma na teleprinta, imefika?

MAROA: Imefika! Mashine imeiandika yenyewe, ta-ta-ta. Nimepeleka zahanati alikolazwa Mniko, kwa mkono wangu.

ZILPAH: Yawa, jamani, asante. Hebu nisomee vile imefika.

MAROA: “PICHA YA MGUU WA MNIKO NIMEIONA. KATA. KATA. KATA.”

(mkono wa simu unagonga meza)

MAROA: Haloo? Uko?

ZILPAH: Daktari hakusema kata.

MAROA: Imeandikwa mara tatu!

ZILPAH: Ni mimi! Nilikuwa naambia mashine! Fundi alisema ukimaliza barua, andika KATA, laini itakatika. Nikaandika, ikakataa. Nikaandika tena—

MAROA: Bibi! Kwanza unanyamaza kidogo. Unagonga alama ya kujumlisha mara tatu. Unanyamaza tena. Ndio mashine ijue unaongea na yeye. Bila hivyo anadhani ni barua, ananiletea mimi!

ZILPAH: Na mguu?

MAROA: Dresa Omwenga wa zahanati nimemwacha akichemsha msumeno.

ZILPAH: Kimbia, Maroa! Daktari anasema mfupa umeunga, iko kwa barua ya pili, bado sijatuma! Kimbia, usikate simu—

MAROA: Usitaje hiyo neno!

(viatu vinakimbia, mlango unagonga; dakika nyingi za mkwaruzo kwenye laini)

ZILPAH: Maroa? … Ee Nyasaye, Mungu wangu. Mguu wa mtu, kwa vidole vyangu hivi …

MAROA: (anahema) Nimerudi.

ZILPAH: Wamekata?

MAROA: Wakate nini? Mniko hayuko. Aliuliza karatasi inasema aje, Omwenga akamsomea. Akatokea dirishani.

ZILPAH: Na magongo?

MAROA: Yako kitandani. Plasta tumeipata kwenye seng'enge. Watu wa soko wamemwona akielekea Tanzania.

ZILPAH: Akichechemea?

MAROA: Mbio! Omwenga amemfuata na baiskeli, ameshindwa.

ZILPAH: (anacheka, analia) Basi amepona.

MAROA: Amepona. Lakini … ongea pole pole. Nyarangi yuko hapa kaunta.

ZILPAH: Nyarangi gani?

MAROA: Bibi yake Mniko. Amebeba uji ya mgonjwa. Anauliza, daktari amesema mzee atatembea tena lini?

ZILPAH: Mwambie— Opereta, dakika moja tu, tafadhali! Maroa, mwambie ameshaanz—

(laini imekufa)