Redio Yangu Dirishani na Usingizi wa Phares

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji, Bwana Msimamizi wa yadi ya reli, Ndugu Bedan unayetuacha leo, na majirani wote wa Makongeni, hamjambo. Baba Jecinta anawasalimu, yuko zamu. Nyanya anawasalimu, miguu imemkataa. Jecinta anawasalimu, Kabiru anawasalimu, na huyu wa mgongoni mnamsikia wenyewe.

Mimi nilisoma darasa la pili tu, nikipotea mnirudishe. Nimeambiwa nimuage Ndugu Bedan, mtangazaji wetu wa redioni, anayehamia Kisumu. Nitamsifu kwa jambo moja.

Redio yangu mnaijua, ilikuwa ya kwanza kwenye laini yetu ya nyumba za reli. Na desturi yetu mnaijua: mwenye redio haifungii ndani. Anaiweka dirishani, anafungulia mpaka mwisho, asiye nayo naye asikie. Nimefanya hivyo tangu mwaka wa sabini na tatu, asubuhi hadi jioni, nikijiona mtu mwema. Nani angenilaumu?

Jumanne ya juzi nilikuwa bombani nafua na Benta. Sauti ya Bedan ikatoka dirishani kwangu ikajaa uwanja mzima: sheria ya mji inakataza redio ya kusumbua jirani, hata mchana, maana wako wanaokesha kazini na mchana ndio usiku wao. Benta akaacha kufua.

"Mama Jecinta, redio yako imekushtaki, na ni wewe umeifungulia."

Nikacheka. Kisha nikauona mlango wa Phares, tunayegawana ukuta. Phares huunganisha mabehewa usiku. Wiki iliyotangulia alikutwa amesinzia kwenye reli, akasimamishwa kazi. Tulisema ni pombe. Mimi pia nilisema.

Nilikwenda na povu mikononi. "Phares, wewe hulala?"

"Mama, mchana sipati hata saa moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilipougua ni wewe ulinipikia uji. Ningeanzaje kukwambia uzime redio?"

Hebu fikirini, ndugu zangu. Mtoto wa watu karibu akanyagwe na behewa kwa ajili ya wema wangu. Nilirudi kwangu nikaitoa redio dirishani.

Hiyo sheria ilikuwa imelala kabatini kwa Kizungu, mimi ningeisoma na nini? Bedan aliitoa akaitia katika maneno ya jikoni. Ndugu Bedan, huko Kisumu endelea kuzisoma sheria, hata wakikuomba muziki. Redio yangu sasa iko ndani, chini chini. Anayetaka habari aingie, chai ipo.

Na wewe Bwana Msimamizi, sikuandika barua, mkono wangu si mzuri. Nasema mbele ya watu: haikuwa pombe, ilikuwa mimi. Nyumba yake ni ya kazi; asiporudishwa kazini, mwisho wa mwezi, yaani Ijumaa, atatolewa. Tafadhali tutumie mjumbe upesi na neno kwamba amerudishwa, kabla ya Ijumaa.

Nawashukuru kwa kunitegea sikio. Na huyo mjumbe akija mchana, agonge kwangu, asigonge kwa Phares. Mwili wake bado uko zamu ya usiku; atakuwa amelala.