Hubert Gathoye, Mwenye Msalaba wa Ukurasa wa 31

Ndugu zetu mliokuja kumsindikiza, mimi ni Odile, mtoto wa dada yake marehemu, na kwa kuwa hakuacha mtu wa karibu zaidi, kazi hii imeniangukia mimi.

Mjomba Hubert alizaliwa tarehe 14 Februari 1909 hapa Huy, akasoma kwa mabruda wa parokia kuanzia 1915 hadi 1923, na mwaka 1929 akaajiriwa na shirika la reli kuwa mlinzi wa geti la Statte, pale barabara inapokatiza reli, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini, akiteremsha na kuinua geti kwa watu waliompungia mkono bila kumjua jina.

Tarehe 9 Mei 1936 alifunga ndoa na Léonie Pirotte, hawakujaliwa watoto, na Januari 1941 Léonie akafariki kwa kifua kikuu akiwa na miaka 31. Tangu hapo mjomba alikula peke yake, na nalisema hili kwa aibu, maana nyumba yangu iko mtaa wa tatu kutoka kwake.

Kilichobaki kumchangamsha ni vitabu vya Inspekta Vauquelin, ambavyo sasa vimefika sitini na vinane. Kama mjuavyo, katika maktaba ya parokia kila msomaji huweka alama yake ya penseli asije akaazima kitabu kilekile mara mbili, kwani vyote vinafanana, maiti ukurasa wa kwanza, mvua ukurasa wa pili. Alama ya mjomba ilikuwa msalaba, ukurasa wa 31, kwa ajili ya Léonie. Mwaka 1952 aligundua kwamba kiduara fulani, alama ya msomaji asiyemjua, ambacho siku zote kilikaa ukurasa wa 12, kimehamia ukurasa wa 31, kando ya msalaba wake, na hakikuhama tena. Mjomba akaanza upelelezi, akinusa kurasa kama zina tumbaku, mpaka akamwuliza Madamu Ghislaine wa maktaba, naye akamjibu, "Bwana Gathoye, hapa tunaazimisha vitabu, hatuazimishi wasomaji." Kila Krismasi tulimcheka.

Septemba mwaka huu alikuwa wa kwanza kuazima kitabu cha sitini na nane, akaweka msalaba wake, akakirudisha. Tarehe 2 Oktoba alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu, na kila nilipokwenda kumwona aliniuliza, "Umepita maktaba? Duara lipo?" nami nikamjibu, "Mjomba, wewe nawe na upelelezi wako, pona kwanza." Sikupita. Alifariki Jumapili, tarehe 3 Novemba 1974, saa kumi jioni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomwashia jiko la makaa, wenzake wa reli waliolibeba jeneza, na Madamu Ghislaine aliyetunza siri za watu.

Juzi Jumanne nilipita maktaba, nikafungua ukurasa wa 31. Wewe mwenye duara, kama umo humu kanisani, sikuombi usimame, nakuomba tu usiutafute msalaba katika kitabu cha sitini na tisa, kwani aliyekuwa akiuchora ndiye huyu aliyelala mbele yetu, na kwa miaka ishirini na miwili wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye.

Mjomba, duara lipo. Pumzika kwa amani.