Koti la Bosi kwenye Kiti cha Kuzunguka

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lenye mguu mmoja wa matofali, mbele ya jiko la Mama Birika, ambaye kahawa anauza na masikio anatoa bure. Mimi nashona viatu hapo pembeni. Wenzangu wa kudumu ni Kiwembe, kinyozi ambaye wateja wake humfuata benchini, na Mzee Waraka, karani mstaafu, ambaye hata akiomba sukari huanza na "kuhusu mada tajwa hapo juu". Asubuhi ile alituvukia Bosi Mkate, mwenye bekari ya ng'ambo ya barabara. Zamani tulimzoea ana unga hadi kwenye nyusi. Tangu bekari ikue na wafanyakazi wafike kumi na wawili, anatembea msafi kama bwana harusi. Lakini siku hiyo uso ulikuwa umemshuka.

Bosi: Mkate umeungua tena, jamani.

Kiwembe: Wote?

Bosi: Wa shule, wote. Na mpishi wa shule alishaniambia ukiungua mara nyingine anahamia kwingine. Akiondoka yule, nusu ya watu wangu sina kazi ya kuwapa. Nianze kumfukuza nani? Wote nimewafundisha kukanda kwa mikono yangu hii.

Mama Birika aliacha kupanga vikombe, akakaa.

Mzee Waraka: Kuhusu mada hiyo, tatizo lako ni utawala. Una wafanyakazi, huna vyeo. Weka msimamizi wa tanuri. Juu yake weka mkaguzi wa msimamizi. Juu ya mkaguzi...

Mimi: Mzee, huo mkate utapanda ghorofa ngapi kabla haujaliwa?

Bosi: Usimamizi upo! Si nimejenga chumba juu ya matanuri? Mbele kioo kitupu, ndani kiti cha kuzunguka. Namwona kila mtu. Mmoja akizembea tu, nagonga kioo kwa ufunguo: ko, ko, ko!

Kiwembe: Hapo umeweza.

Bosi: Na heshima imekuja, usiombe. Nilipokuwa nakanda nao, hakuna aliyekuwa na habari na mimi. Tunapiga soga, tunataniana, basi. Siku hizi hawanibandui macho hata dakika moja.

Kiwembe: Basi una mhujumu. Bekari ya jirani imemtuma mtu wake mle ndani. Fanya hivi: mvalishe shemeji yetu aproni, aingie kama mfanyakazi mpya, apeleleze.

Bosi: Mke wangu ndiye anayewauzia wateja pale mlangoni. Nani asiyemjua?

Kiwembe: Mvalishe na miwani.

Mzee Waraka: Wahenga walisema...

Mimi: Wahenga wako hawakuwahi kuajiri mtu, mzee. Bosi, nikuulize. Wewe uko hapa unakunywa kahawa. Kule juu kwenye kioo yuko nani?

Bosi akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti.

Bosi: Koti.

Kiwembe: Koti?

Bosi: Nimelivalisha kiti. Juu nikaweka kofia yangu. Kiti nimekigeuza nusu, ukiwa chini unaona kabisa bosi yupo, tena anafikiri.

Tulicheka mpaka tofali la benchi likachomoka. Mwenyewe naye akasahau machungu, akasimama kutuonyesha koti linavyokaa na yeye anavyogonga. Mama Birika alimkodolea macho, mdomo wazi.

Kiwembe: Ongeza makoti! Kila tanuri na koti lake!

Mzee Waraka: Na moja liwe naibu.

Mimi: Likistaafu, tuletee hapa kijiweni lije lishauri watu.

Ndipo tukasikia sauti ya mama mmoja nyuma yetu. Alikuwa mpishi wa shule, kapu mkononi, na ndani ya kapu mikate myeusi.

Mpishi: Hamjambo? Samahani jamani, hiyo kahawa inaangaliwa na nani?

Tukageuka. Birika lilikuwa limefurika, na kilichobaki ndani kilikuwa kinaungua. Tulikuwa watano tumelizunguka lile jiko, na hakuna hata mmoja aliyekuwa analitazama.

Mama Birika: Ala! Si nilikuwa namtazama Bosi!

Bosi alibaki mkono juu, kama bado anagonga kioo. Akalitazama birika, kisha akaitazama bekari yake. Nikaona jambo linamwingia polepole.

Bosi: Mama, nipe kesho tu.

Mpishi: Mwanangu, mimi nimekuja kukuaga. Watoto wanabandua maganda, wanarushiana.

Bosi: Kesho tu. Ukiungua, nitakubebea kapu mwenyewe hadi kwa huyo mwingine.

Mama wa watu alimpima kwa macho.

Mpishi: Haya. Kesho.

Bosi akavuka barabara mbio. Punde akarudi anaburuta kiti cha kuzunguka, koti begani, akamkabidhi Kiwembe kiti. Tangu hapo watu wanagombea kunyolewa, wengine hawana hata nywele. Kile chumba cha kioo sasa ni stoo ya unga.

Kesho yake akaja, nyusi nyeupe, mkate wa moto kwapani.

Kiwembe: Vipi mpishi?

Bosi: Kachukua wote. Kaagiza na wa wiki ijayo.

Mimi: Sasa mbona umenuna?

Bosi: Nimeingia alfajiri, nimevaa aproni, nimesalimia. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa! Yule dada wa tanuri kaniambia, "Pisha, unanizibia."

Mzee Waraka: Na kuhusu hilo, ulijisikiaje?

Bosi: Vibaya sana, mzee.

Akaumega mkate, akatugawia. Ulikuwa umeiva vizuri mpaka katikati. Mama Birika peke yake hakupokea kipande chake. Alikuwa ameliinamia birika, na alituomba tusimsemeshe.