Mama Vizibo na Mtihani wa Kukalia Mikono

Ndugu waombolezaji, ninayesimama hapa kwa niaba ya familia ni mdogo wa kiume wa marehemu, na dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vizibo, nitamsimulia bila kuficha hata yale mnayonong'onezana huko nyuma, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, kifungua mimba, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yetu, akasoma shule ya msingi ya jirani, ambako hesabu zilimpiga chenga hadi darasa la tano, jambo ambalo hakulionea haya kamwe, kisha sekondari na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1979. Alifundisha miaka mingi, na mwaka 1994 akakabidhiwa kozi ya kuwaandaa walimu maalumu wa watoto wanaohangaika na hisabati, akaiendesha katika chumba kimoja chenye madawati ya watoto na ndoo ya vizibo vya soda vya kuhesabia. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa mmoja, mwalimu aketi na mtoto aliyekwama, amuulize amefikaje hapo, na asiguse penseli wala kizibo, ndiyo maana aliwaamuru wakalie mikono, watu wazima na vitambi vyao, nao wakatii.

Alifunga ndoa mwaka 1981 na fundi umeme, shemeji yetu aliyetangulia mwaka 2003, wakajaliwa binti mmoja, naye akafuata ualimu. Mwaka 2011 binti huyo aliingia katika mtihani wa mama yake, mtoto akaanza kulia, akamhurumia, akasogeza kizibo kimoja tu, na dada akamfelisha mbele ya wenzake. Tulimsihi, tukamkumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji, akakataa katakata, akisema mtoto yule alikuwa amebakiza kidogo afike mwenyewe. Binti akahama nyumbani, akaurudia mtihani kwa msimamizi mwingine, akafaulu, lakini kwa mama yake hakukanyaga tena, na mimi niliwakasirikia wote wawili.

Tarehe 9 Februari mwaka huu dada alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza, ulimi ukawa mzito, na namba zote zikamtoka, hata asijue kati ya tano na saba ipi ni kubwa. Binti alikuja hospitali na ndoo ya vizibo. Aliketi kando ya kitanda, akamwomba mama yake atenge vizibo saba na vitano aone fungu lipi ni kubwa, kisha akakalia mikono, huku mama yake akihangaika kwa mkono wa kushoto, vizibo vikimdondoka, machozi yakimtoka, hadi nikashindwa kuvumilia, nikamwambia amsaidie, huyu ni mama yake.

Akanijibu bila kunitazama, "Mjomba, ndivyo ninavyomsaidia."

Asubuhi nzima ikaishia hapo. Dada alipomaliza kutenga saba huku na tano kule, akaweka kiganja juu ya lile fungu la saba, akamtazama binti yake, akasema kwa shida, "Leo hukugusa."

Kiharusi cha pili kilimchukua tarehe 2 Machi, binti yake akiwa pembeni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia vizibo vyetu sakafuni, majirani waliokesha nasi, walimu wenzake, na wote aliowafaulisha na aliowafelisha.

Dada, umefika mwenyewe, pumzika kwa amani.