Mpaka Umande Ukauke

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ninyi wa kule mlangoni mmeitikia kama watu wanaosikia baridi. Bwana asifiwe tena! Amina. Sasa nimewasikia.

Wengine hapa mnanifahamu kwa sura, wengine mnanifahamu kwa vumbi. Mimi ni Mama Tumaini, yule mwanamke anayeendesha kombaini ya kuvunia ngano kwenye mashamba makubwa kule chini. Msimu wa mavuno nikija ibadani makapi yananidondoka kwenye kitambaa hata kama nimeoga mara mbili, na mzee wa kanisa anayefagia huwa ananitazama kwa upendo wa Kristo. Mchungaji ameniomba niwe mfupi. Nitajitahidi.

Nilizaliwa Nambis, kule Mbulu, ambako shamba limelala kwenye mteremko na hata ng'ombe hushuka kwa tahadhari. Tulijua jembe la mkono, basi. Nikiwa msichana nilipelekwa likizo kwa shangazi yangu huku Hanang, na huko ndiko nilikoiona kombaini kwa mara ya kwanza, inakata ngano na kuipura palepale huku inatembea. Watoto wenzangu walikimbilia trela kutazama ngano inavyomwagika. Mimi nilimtazama dereva. Alikaa juu peke yake, ametulia, anaona mbali, na nikasema moyoni, ninakitaka kile kiti.

Ndugu zangu, kukipata haikuwa rahisi. Nilisoma chuo cha ufundi nikiwa msichana peke yangu darasani. Nilianza kwa kupaka grisi, nikapewa trekta, na wanaume wakakaa wanasubiri niliangushe. Hawakuliona likianguka. Siku niliyokabidhiwa kombaini baba yangu alikuja kutoka Nambis kuitazama. Aliizunguka yote, akaligonga tairi kwa fimbo yake, akasema, "Hii kwetu isingepanda." Kwa baba yangu hiyo ni pongezi kubwa sana.

Nikaolewa hapa Gehandu na Yohana, fundi seremala mnayemjua, tukajenga kwenye boma la wazazi wake. Mungu akatupa Tumaini wakati masika yanaanza. Kwetu mama aliyejifungua hukaa ndani, hunyweshwa uji wa maziwa na siagi, hagusi jembe wala kuni. Mama mkwe wangu alinitunza hivyo, na kwa kweli nilinenepa! Lakini ngano haijui kwamba mtu amejifungua. Ilikomaa wakati wake, na Tumaini alikuwa bado mchanga, hajaonja kitu kingine zaidi ya ziwa langu.

Ndipo msimamizi wetu, mzee Safari, akanipigia simu. Si mtu mbaya, nawaomba mnielewe. Alisema, "Mama Tumaini, hongera kwa mtoto. Usipokuja Jumatatu, kiti nampa mwingine." Nikajua hatanii. Nilikuwa nimeona wangapi wanakitaka.

Nilimweleza mama mkwe. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Chagua moja," akasema. "Mtoto au mashine." Nilingoja aongeze neno, lakini aliendelea na maharage yake.

Nikaenda kazini. Wapo watakaosema nilimwacha mtoto. Nilikwenda, ndugu zangu, kwa sababu nilijua kiti kile nikishuka sitapanda tena, na baada yangu hawatamkubali msichana mwingine. Wangesema, tulijaribu mmoja, akazaa, mambo yakaishia hapo.

Sasa niwaeleze kazi ilivyo, maana hapa ndipo Mungu aliponifanyia jambo. Kwetu sheria ya kambi ni kwamba dereva awe kwenye mashine yake kabla jua halijachomoza. Madereva wengine wanalala hapohapo kambini, wanalinda dizeli. Mimi niliruhusiwa kulala nyumbani, lakini alfajiri Yohana ananifikisha kwa pikipiki. Tukishafika, tunafanya nini? Tunapaka grisi, tunapuliza vumbi kwenye chujio, tunakaza mikanda, tumemaliza. Halafu tunakaa. Ngano yenye umande haikatwi, ukiilazimisha mabua yanajisokota kwenye mashine kama uzi. Mzee Safari anachuma suke, analifikicha kiganjani, anatia punje mdomoni, anatafuna. Ikivutika kama ubani, anatema na kusema bado. Tunanywa chai, wanaume wanacheza drafti, mpaka kwenye saa nne hivi punje ilie kwenye meno. Hapo ndipo injini zinawashwa, na hazizimwi tena hadi giza.

Hizo saa za kukaa bure ndizo zilizonimaliza. Shamba la mwaka ule lilikuwa karibu na kwetu, na nikikaa kwenye kiti cha kombaini ninaliona bati la nyumba yetu. Nafahamu mtoto wangu yuko chini ya bati lile, analia. Maziwa yamejaa kifuani mpaka natetemeka. Na mimi nimekaa nasubiri majani yakauke!

Nilikuwa nayakamua na kuyaacha kwenye kikombe, bibi amnyweshe kwa kijiko. Tumaini alikuwa anafunga mdomo kama amefungwa kwa misumari. Kule shambani maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe, yanalowesha ovaroli mbele za watu. Kijana mmoja akapiga kelele, "Mama, rejeta inavuja!" Wakacheka wote. Na mimi nilicheka, maana ukinuna watakuita hivyo mpaka uzeeni. Kisha nilipanda kwenye kiti changu, nikafunga mlango wa kioo, nikalia. Choo cha mwanamke hakikuwepo kambini, hata pa kulilia hapakuwepo. Najua sheria inampa mama anayenyonyesha muda wake kazini. Lakini sheria ilikuwa mjini, mimi nilikuwa kwenye ngano.

Siku ya kliniki Yohana na mama mkwe walimpeleka mtoto, maana mimi nilikuwa kazini. Jioni nikauliza, amesemaje nesi? Yohana alikuwa anapiga randa ubao, hakuacha. Akasema uzito umeshuka. Nesi ameuliza mama yuko wapi.

Nilimchukua mwanangu nikamnyonyesha, na alininyonya kwa hasira kama mtu anayedai haki yake. Nikaomba. Sikuomba vizuri. Nilimwambia Mungu, "Baba, nionyeshe ishara, nifanye nini, maana mimi sioni." Tena nakumbuka niliulaani umande. Nikasema, Bwana, umande huu unatuletea wa nini kila siku ya kiangazi hiki? Gideoni aliuomba umande uwe ishara. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yake, viatu vimelowa, nauliza ishara iko wapi!

Nikamwambia Yohana, kesho narudisha ufunguo. Akauliza, "Una hakika?" Nikamjibu kwamba mashine haitazikwa, ila mtoto anaweza kuzikwa. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ukuta, jikoni. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini.

Asubuhi nikafika kambini, ufunguo nimeushika mfukoni. Umande siku hiyo ulikuwa mzito, shamba zima jeupe. Wanaume wako kwenye moto na vikombe vyao, mzee Safari amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Kiti kile hakikaliwi na mwingine, na sijawahi kumwona mzee Safari akiinuka kwa ajili ya mtu, hata bosi akija na gari. Nikasema moyoni, acha anywe chai kwanza, halafu nitamwambia.

Ndipo nikamwona mwanamke mzee anakatiza mabua ya sehemu tuliyovuna jana. Ana fimbo mkononi, gauni limelowa mpaka magotini, mgongoni kuna mzigo umefunikwa blanketi. Nilimtambua kwa mwendo. Nilidhani mtoto amekufa. Sikuweza kuinuka.

Mama mkwe wangu hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye moto, akasimama mbele ya mzee Safari. Ninyi mnajua malezi yetu. Bibi wa umri ule akisimama mbele yako, utaendelea kukaa? Mzee Safari aliinuka! Akavua kofia. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, mama."

"Nyumbani hawajambo? Watoto? Ng'ombe?"

Aliuliza yote bila haraka, na mzee Safari akajibu yote, na wale vijana wa drafti nao mmoja mmoja wakaja kuamkia, hata yule wa rejeta. Kisha mama akafungua blanketi. Tumaini alikuwa mzima, amelala, pua nyekundu kwa baridi.

"Nimewaletea mgeni," akasema. "Huyu anakula kwa mama yake." Ndipo akanitazama. "Chukua."

Nikamchukua. Nikakaa kwenye gurudumu la trela, nikajifunika blanketi, nikamnyonyesha palepale. Mzee Safari akaigeuzageuza kofia yake. Akasema, "Mama, hapa ni kazini."

"Naona. Mnafanya kazi gani sasa hivi?"

Watu wakatazama vikombe vyao.

"Tunasubiri umande ukauke, mama."

"Unakauka saa ngapi?"

"Kama saa nne."

"Basi huyu akinyonyesha mpaka saa nne, ngano itaoza?"

Jamani, mashine zile zina taa na vipimo vya kila aina, na sisi wote tumezikalia miaka, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza swali lile! Hata mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye jibu la maombi yangu kila asubuhi, nalihesabu kuwa adhabu.

Mzee Safari alichuma suke, akalifikicha, akatafuna. Akatema. Bado. Akanitazama, akamtazama mama, akasema kwa ukali ule wake, "Leo tu."

Kisha akachukua kile kiti chake cha plastiki, akakiweka upande usio na upepo, akamkaribisha mama akae. Mama akakaa. Mimi ufunguo bado ulikuwa mfukoni, na humo ukabaki.

Kesho yake mama akaja tena. Mzee Safari akainuka, shikamoo mama, marahaba mwanangu, ng'ombe hawajambo, na mwisho wa salamu akasema, "Leo tu." Keshokutwa vilevile. Saa za mchana mama alikaa kwenye kivuli cha trela na mtoto, nikija kumwaga ngano ninashuka, nanyonyesha wakati trela inajaa, napanda. Mzee Safari akasema hapana, hiyo haiwezekani, inachelewesha kazi. Halafu akasema, haya, leo tu. Mavuno yote yaliisha hivyo. Kabla hayajaisha Tumaini akarudi kliniki, uzito umepanda, na safari hiyo nesi hakuuliza mama yuko wapi, maana nilikuwepo. Siku hiyo ilinyesha mvua ya bahati, mashine zikasimama.

Siku ya mwisho ya mavuno nilimuuliza mama mkwe, kwa nini ulikuja? Wewe uliniambia nichague. Akasema kwamba alipokuwa mke kijana alichaguliwa kwenda kusomea uuguzi, zahanati ilimtaka, na alikuwa na mtoto mchanga. Aliambiwa achague moja. Akachagua mtoto. "Nilikuambia nilichoambiwa mimi," akasema. "Lakini ulipomwambia Yohana unarudisha ufunguo, nilisikia sauti yangu."

Miaka yote nimeishi naye boma moja sikuwahi kulijua hilo. Yohana mwenyewe hakulijua.

Ndugu zangu, sikuja kuwadanganya kwamba yote yamenyooka. Choo bado hakipo. Msimu ukianza tena bado kuna mtu ataniuliza kama mume wangu ameniruhusu. Lakini kuna msichana anapaka grisi sasa, na siku moja nilimsikia akiuliza, hivi nikizaa itakuwaje? Mzee Safari akamjibu bila kugeuka, "Utamleta. Mpaka umande ukauke." Msifuni Bwana!

Wewe dada unayeambiwa uchague moja, usirudishe ufunguo leo. Wewe msimamizi, tazama vizuri watu wako wanasubiri nini. Na wote tuliokuja na shida ya mwaka mzima kichwani, hebu tumwamini Mungu kwa siku moja. Tunasali kila Jumapili, utupe leo mkate wetu. Mimi ninavuna ngano, na bado sikuwahi kuisikia ile "leo" mpaka nilipoisikia kwa mzee Safari.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu. Na ninataka kumshukuru mmoja zaidi, yuko benchi la tatu, amejifunika kanga, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mama, simama ndugu wakuone.

Anakataa. Anatikisa kichwa, mnamwona.

Leo tu, mama. Leo tu.

Haya, ameinuka. Ndugu zangu, tumwamkie.